Njaa ya Daktari Ambakisye

1

Sikumwamkia. Mama yangu amenilea kwamba mtu mzima akiingia mahali ulipo unampa shikamoo yake, awe mwizi, awe mlevi, na mimi hufanya hivyo kila siku hata kwa mahabusu wanaoletwa na pingu mikononi. Lakini Daktari Ambakisye alipoingizwa chumbani kwangu asubuhi ile, kwenye kiti cha magurudumu kilichopanuliwa kwa mabomba ya chuma ili kimtoshe, nilijitia kusoma faili. Akaanza yeye.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo," nikamjibu, kavu, na macho sikuyainua. Mwanangu! Tangu lini?

Alikuwa anatafuna kamba ya gauni la hospitali. Aliitafuna kwa bidii huku anaona aibu, na mate yakimtoka. Aliyekuwa anakisukuma kile kiti ni binti yake wa pekee, Lusajo, hakimu wa wilaya yetu ya Kondoa. Mimi na yeye tulijuana kikazi: yeye anasaini amri, mimi natekeleza. Siku hiyo hakuwa na uhakimu wowote usoni. Alikuwa mtu ambaye hajalala siku nyingi.

"Dada Mwasiti, jana amemaliza sufuria ya wali iliyopikiwa watu sita," akaniambia kwa sauti ya chini. "Baada ya saa moja nikamkuta jikoni anakula unga mkavu. Nimetia kufuli kabatini, amevunja kabati. Ana kilo mia na hamsini, magoti yamekwisha, moyo nao unaanza kugoma. Na njaa inamuuma kweli, hajifanyi. Nisaidie. Sina mzazi mwingine."

"Usiwe na wasiwasi, Mheshimiwa," nikamwambia. "Leo njaa yake inaisha."

Nilimaanisha kila neno.

Kazi yangu ni kusoma ramani. Ndani kabisa ya kichwa, nyuma ya macho, kuna kijisehemu cha ubongo kisichozidi punje ya korosho kinachoitwa haipothalamasi. Kidogo hivyo, lakini ndicho kinachokuambia una kiu, una njaa, unaogopa, unataka kumrukia mtu. Kutoka hapo nyuzi za neva zinakwenda kila upande, na mashine yetu inaziona zote, uzi mmoja mmoja, wakati zinafanya kazi. Sisi wa kituoni tunaiita tanuri, kwa jinsi mtu anavyosukumwa humo amelala chali. Skrini inazipaka nyuzi rangi: njaa njano, hofu buluu, ghadhabu nyekundu. Na si kuona tu. Tanuri hilohilo lina mawimbi ya sauti yasiyosikika. Ukiyalenga kwenye uzi na kuyashikilia hapo, uzi unafifia. Sekunde nne, umeupunguza. Sekunde kumi na mbili, umeuua, na hakuna daktari wa kuufufua.

Hayo ndiyo yaliyozaa Sheria ya Ramani. Siku hizi ukimpiga mtu ukamuumiza, hupelekwi jela. Unapelekwa kwenye tanuri. Wekundu wako ukiwa mwembamba, unaonywa na kwenda zako. Ukiwa mpana, hakimu anasaini, ghadhabu yako inafifishwa, na unakwenda zako pia, umetulia. Magereza yamebaki nusu tupu na watu wanashangilia. Aliyevumbua njia ya kuusoma huo wekundu, akaifundisha nchi nzima, ni huyu aliyekuwa anatafuna kamba mbele yangu.

Na miongoni mwa watu wa kwanza kufifishwa alikuwa kaka yangu, Twaha.

Twaha alimvunja mtu taya kwenye mashine ya kukamua alizeti. Ugomvi wa foleni, ugomvi wa kijinga. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Wakampima, wakasema wekundu wake ni mpana kuliko wote waliowahi kuonekana, wakamfifisha sekunde kumi na mbili. Aliporudi nyumbani alikuwa mpole, sikatai. Lakini ukimwekea ugali wa uwele na mlenda, chakula alichokuwa akigombania tangu utoto, anakitazama tu, kwa adabu. Mama alimlisha kwa kijiko na saa mkononi, asubuhi, mchana na jioni, miezi kumi na mitano. Alikufa ana kilo thelathini na mbili. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika kichwa.

Baada ya hapo nikaisomea kazi hii. Watu wakasema nimepata wito. Wito gani! Nilitaka kujua ndugu yangu alifanywa nini, na alifanywa na nani. Mwaka wa pili wa masomo nikalipata faili lake. Kabla ya ramani kuchorwa, msomaji anaiambia mashine neno moja, "ameshiba" au "ana njaa", ili ijue uzi upi iupake njano. Kwa Twaha waliandika ameshiba. Nikalifuta lile neno, nikaandika ana njaa. Wekundu wote ukageuka njano. Kaka yangu hakuwa na ghadhabu kuzidi yangu au yako. Siku ile alikuwa amefunga, basi. Mashine iliambiwa ameshiba, ikaiona njaa yake, ikaiita ghadhabu, na Daktari Ambakisye akaiua. Sahihi yake ilikuwa pale chini, imenyooka vizuri.

Nilijua pia alivyokosea. Hakumpa uji. Kila anayepimwa hupewa kikombe kikubwa cha uji wa ulezi na sukari nusu saa kabla, ndio utaratibu tangu siku ya kwanza, ili njaa ikae pembeni. Nikamwona kabisa, bwana mkubwa mwenye haraka zake, anaandika ameshiba bila hata kuuliza. Mezani kwangu jambo hilo haliwezi kutokea. Kikombe kisiporudi kitupu, mtu simpimi, hata aje na barua ya waziri.

2

Mwenzangu wa zamu yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo hakuna wa kuyatazama mahesabu yangu. Lusajo alikwenda kukaa barazani. Wahudumu wanne walinisaidia kumlaza daktari, tukamsukuma ndani ya tanuri, wakatoka. Nikafunga mlango. Nikakaa kwenye kibanda changu cha kioo, nikaiambia mashine ana njaa, na skrini ikajaa njano hata nikapunguza mwanga. Tatizo lake lilionekana dakika ileile. Kivimbe kidogo, cha kukaa juu ya kichwa cha pini, kilikuwa kimebana nyuzi zinazoleta habari ya kushiba. Tumbo linamwambia tosha, ujumbe haufiki.

Nikaulenga mtambo kwenye uzi wa njaa. Nikawasha maiki.

"Daktari, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

"Usiniite mwanangu. Mimi ni Mwasiti Ijengo. Twaha Ijengo alikuwa kaka yangu, tumbo moja."

Nikaikodolea macho skrini. Miaka yote hii nimeingoja buluu ile. Nilitaka niione hofu inavyowaka kwenye punje, inavyoshuka na uzi wake kwenda kwenye shina la ubongo, moyo umwende mbio, jasho limtoke, nimwache nayo kidogo kabla sijafanya nililomkusudia.

Buluu haikusogea.

"Najua," akasema. Sauti yake humo ndani ilikuwa imetulia mno. "Jina lako nililiona kwenye orodha ya wasomaji miaka miwili iliyopita. Dodoma wangenitibu tangu mwezi uliopita. Nikamwambia Lusajo, nipeleke Kondoa."

"Ili iweje?"

"Ili ufanye."

"Nifanye nini? Sema mwenyewe."

"Sekunde kumi na mbili. Hakuna atakayejua. Mtu mzima, mgonjwa, kivimbe kiko pabaya. Wataandika ni bahati mbaya. Bi Mwasiti, wewe huijui njaa hii. Nimekula sabuni. Nimekula chakula cha mbwa wa jirani na mbwa ananitazama. Ukinizima nitakushukuru, na wewe utakuwa umemlipia ndugu yako. Tumalizane."

Tumalizane! Yaani amepanga mwenyewe: hukumu aitoe yeye, adhabu aichague yeye, na mimi nimtumikie, kisha afe amejitakasa. Hata kisasi changu alitaka akisimamie kama alivyosimamia kila kitu katika nchi hii. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikakiondoa. Nilimchukia wakati ule kuliko siku nilipoiona sahihi yake.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nina mashine ambayo hakuna mtu mwenye kisasi aliyewahi kuwa nayo. Kwa nini nibahatishe kinachomuuma, wakati kichwa chake kiko wazi mbele yangu?

"Sawa," nikamwambia. "Nikikuzima, utakonda mpaka mifupa itoboe ngozi. Twaha alitoka vidonda mgongoni. Tulikuwa tunamgeuza kwa shuka."

Buluu kimya. Njano ndiyo iliyopungua kidogo, kama mtu aliyeahidiwa kupumzika.

"Au nisikuguse kabisa. Nikurudishe nyumbani hivyohivyo, ule mpaka moyo upasuke."

Buluu ikacheza, ikarudi mahali pake. Hilo alikuwa ameshalizoea.

"Au nipeleke faili la Twaha kwenye magazeti. Jina lako liondolewe vyuoni."

Ikacheza tena, zaidi kidogo. Kumbe jina lake analipenda, lakini si sana. Nilikuwa nimeinamia skrini, pua karibu iguse kioo. Sitaficha, nilikuwa nafurahia. Nilijisikia mtu anayepapasa ukuta gizani na kujua mlango uko karibu.

"Lusajo yuko hapo barazani," nikasema.

Skrini yote ikawa buluu. Uzi wa hofu uliwaka kutoka mwanzo hadi mwisho, ukawasha na vijiuzi nisivyowahi kuviona kwa mgonjwa yeyote, na mapigo ya moyo pembeni yakaruka kutoka themanini hadi mia na thelathini. Hata njano ilimezwa. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, mtu yule hakuwa na njaa.

"Bi Mwasiti," akasema, na sasa sauti ilikuwa inatetemeka. "Huyo mwache."

"Na Twaha nani alimwacha?"

"Hajakukosea."

"Anajua nini kuhusu Twaha?"

Nilirudia swali polepole, maana nilikuwa nimemshika pabaya na sikuwa na haraka.

"Hajui kitu," akasema hatimaye. "Amekuwa hakimu kwa sababu yangu. Kila amri anayosaini anaamini mimi sijawahi kukosea. Tangu mdogo anasema, baba amefunga magereza. Bi Mwasiti, nizime, nakuomba."

"Kwanza niambie kwa nini hukumpa ndugu yangu uji."

"Nilimpa."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Tazama skrini yako. Mtu akidanganya huku anaogopa unamwona. Nilimpa uji, kwa mkono wangu. Mahabusu walikuwa wameketi kwenye benchi, kila mtu na kikombe chake. Niliporudi kukusanya, kikombe cha Twaha kilikuwa kitupu. Nikaandika ameshiba. Hata mimi wekundu ule ulinishangaza. Lakini kikombe kilikuwa kitupu."

Nikatazama skrini. Alikuwa anasema kweli.

"Miezi miwili baadaye," akaendelea, "alikuja ofisini kwangu fundi baiskeli mmoja, Isaka. Siku ile alikuwa amekaa benchi moja na ndugu yako. Akaniambia yule kijana alimsogezea kikombe chake, akamnong'oneza: kunywa, usimwambie mtu. Isaka akanywa vyote viwili. Alisikia huko mitaani kwamba Twaha hali chakula, roho ikawa inamsuta. Ilikuwa Mfungo Mosi. Idi ilishapita, hakuna aliyefikiri kwamba mtu bado anafunga. Ndugu yako alikuwa kwenye ile funga ya sita."

Ninaijua funga ya sita, nani asiyeijua kwetu? Siku sita za Mfungo Mosi baada ya Idi, anayetaka. Na si funga ya kutangaza. Ukifunga sunna unajificha, usije ukaonekana unajionyesha kwa watu. Ukikaribishwa chakula unatafuta njia ya kukikwepa. Usiku ule Twaha alikuwa nyumbani kwa dhamana, nikala naye daku. Aliniambia mwenyewe, nisimwambie mtu, wataona anajitia ucha Mungu kwa sababu ya kesi. Nilidhani madaktari wangemuuliza, angewaambia. Miaka tisa nimedhani hivyo.

"Ulijua baada ya miezi miwili," nikasema. "Twaha alikuwa bado hai."

"Uzi ulikuwa umeshakufa. Nisingeweza kumrudishia."

"Sikuulizi kumrudishia. Ulinyamaza."

"Tulikuwa tunaifundisha mikoa kumi na mmoja. Nikasema ni mmoja. Nikasema haitatokea tena." Akavuta pumzi. "Nikasema hivyo miaka tisa."

Kuna kitu kilinipita kichwani pale, kitu kuhusu vikombe, nikakifukuza. Siku yenyewe nilikuwa nimeingoja muda mrefu na sikutaka kitu chochote kinichafulie.

Nikashika kitufe. Nikaona njano yake inasubiri. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Nikaachia. Njano ikashuka taratibu hadi ikawa ya mtu yeyote aliyekunywa uji asubuhi. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilitaka ayasikie yanayofuata tumbo limetulia, asiwe na njaa ya kujificha nyuma yake.

"Umemaliza?" akauliza. "Mbona... Bi Mwasiti, ni ngapi?"

"Nne. Umepona. Una miaka ishirini mbele yako, utakula vizuri, utalala vizuri. Sasa ninamwita binti yako na wewe utamweleza yote, kuanzia kikombe. Usipomweleza, nitamweleza mimi, na mimi sitakuwa na huruma katika maneno."

3

Pale mlangoni nilisimama kidogo. Kupitia kioo nilimwona Lusajo barazani, amevua viatu, miguu imemvimba kwa kusimama na baba yake usiku, na mikononi ana kitambaa alichokuwa anamfutia mate. Hajanikosea. Nililijua hilo waziwazi, sikujidanganya. Ninakwenda kumpiga mtu asiye na hatia ili mwingine aumie. Lakini Twaha naye alikuwa hana hatia, na mama yangu hakuwa na hatia, na hakuna aliyesimama mlangoni kwetu akasita. Nikafungua.

"Mheshimiwa, amepona," nikamwambia. "Ana neno la kukwambia."

Alimkumbatia baba yake akilia kwa furaha, akamuuliza kama anataka kula, na mzee akasema hapana, nimeshiba. Nilisubiri hayo yaishe. Kisha mzee akaanza. Alisema yote, hakuruka kitu: benchi, kikombe, Isaka, miezi miwili, miaka tisa. Alisema akiwa anatazama sakafu. Mimi nilimtazama Lusajo, na nilipata nilichokitaka, maana nilimwona akimwachia baba yake mkono. Aliuachia polepole, kidole kimoja kimoja, na mzee akautazama mkono wake uliobaki peke yake juu ya shuka. Hakuna sekunde kumi na mbili ambazo zingemfanya awe na uso ule.

Nilidhani Lusajo atalia. Hakulia. Alivaa viatu vyake, akakaa wima, na uhakimu ukamrudia.

"Bi Mwasiti. Leo Mfungo Mosi ni ngapi?"

"Kumi na tisa."

Akafungua kishikwambi chake. "Tangu Idi nimesaini amri nne za kufifisha. Kati yao Mwislamu ni mmoja. Yasini Kimolo, alimpiga shemeji yake kwa mpini wa jembe. Alipimwa Alhamisi iliyopita, akafifishwa siku hiyohiyo." Akaniinulia macho. "Niletee ramani yake."

"Yule alikunywa uji," nikasema. "Mimi huwa nahakikisha."

"Ulimwona anakunywa?"

Walikuwa saba kwenye benchi siku ile. Niliwagawia, nikaenda kuwasha tanuri, nikarudi kukusanya vikombe, nikavihesabu, vitupu vyote saba, nikaridhika. Hivyo ndivyo nilivyofanya kila siku ya kazi. Nilikwenda kwenye skrini nikaifungua ramani ya Yasini, na wekundu wake ukatanda mbele yetu, mpana, wa kutisha. Nakumbuka siku ile nilisema moyoni, huyu ni mtu hatari.

"Badilisha neno," Lusajo akasema.

Nilifuta ameshiba. Nikakosea herufi, nikarudia. Ana njaa. Skrini ikafikiri kidogo, na wekundu ukaanza kuondoka kutoka pembeni kuja katikati, njano ikishika nafasi yake, mpaka hapakubaki chochote chekundu ila kiuzi kimoja chembamba kabisa, cha mtu wa kawaida aliyekasirishwa na shemeji. Nyuma yangu nilimsikia Daktari Ambakisye anasema kitu kwa sauti ndogo, nadhani alikuwa anasali.

"Labda alikuwa na njaa tu," nikasema. "Labda uji haukumtosha."

"Namba ya nyumbani iko kwenye faili," Lusajo akasema. "Piga."

Nilipiga, nikaweka sauti ya nje. Ikaita sana. Akapokea mwanamke, kijana, nyuma yake kuku na mtu anatwanga.

"Habari za hapo," nikasema. "Naulizia hali ya Yasini."

"Nzuri tu. Ametulia, hana neno na mtu, shemeji mwenyewe jana kaja kumsalimia. Chakula tu ndiyo kimemshinda. Leo siku ya sita. Nikimpa uji anaushika mdomoni mpaka nimwambie meza. Mama anasema labda ni ile mashine, itamtoka. Kwani inachukua siku ngapi kutoka?"

Lusajo alikuwa ameziba mdomo kwa kile kitambaa.

"Alhamisi ile alipoletwa huku," nikauliza, "alikuwa amefunga?"

"Nani kakwambia? Alinikataza nisimwambie mtu. Alisema wataona anajifanya mtu wa dini kwa sababu ya kesi." Sauti yake ikabadilika, ikawa karibu zaidi na simu. "Kwa nini unauliza? Kufunga kumefanya nini?"

Lusajo akanyoosha mkono achukue simu. Angeweza kusema kwa niaba ya mahakama, kwa maneno makubwa, na jina langu lisingetajwa. Ningempa simu ile ningelala nyumbani siku hiyo kama siku nyingine. Nilimtazama yule mzee kitandani, tumbo limetulia, miaka tisa ya kunyamaza usoni, na sikumpa Lusajo simu.

"Unaongea na nani?" nikauliza.

"Zamda. Mimi ni dada yake, tumbo moja. Na wewe?"

"Mwasiti Ijengo. Mimi ndiye niliyempima Yasini. Nilikosea, Zamda. Alikuwa na njaa, mimi nikaandika ameshiba. Nimemwondolea njaa yake, na haitarudi."

Aliyekuwa anatwanga aliacha.

"Mwasiti nani?" akauliza.

"Ijengo."

"Ngoja," akasema, bila kupandisha sauti hata kidogo. "Ngoja nitafute kalamu."

Nikangoja.